Nauli ya Mgonjwa Masasi na Newala: Deni Lisilosubiri Msimu wa Korosho

Ni saa nane usiku, mwezi Februari, katika kijiji kimojawapo juu ya uwanda wa Makonde. Mzee wa familia ameanguka ghafla, upande mmoja wa mwili umekosa nguvu na maneno hayatoki. Mhudumu wa zahanati amempima shinikizo la damu, ameandika barua ya rufaa na kupiga simu hospitalini. Jibu ni kwamba gari la wagonjwa liliondoka jioni kumpeleka mgonjwa mwingine Mtwara, na halijarudi. Tangu dakika hiyo kazi inawarudia ndugu. Kijana anatumwa kumgongea mlango mwenye Noah. Mwenye Noah anataja bei, nusu yake ilipwe kabla gari halijawashwa. Ndani ya nyumba hakuna fedha, kwa kuwa fedha za korosho zilikwisha kwenye ada za shule na mabati, na msimu mwingine uko mbali.

Hatumtaji mtu wala kijiji, kwa sababu hakuna haja. Kila mwamini wa Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu anayesoma makala haya anaweza kujaza majina mwenyewe.

Tunaposikia maneno "huduma binafsi za magari ya wagonjwa", fikra zetu huenda Dar es Salaam au Nairobi, kwenye kampuni zenye ving'ora, wauguzi waliovaa sare na namba za simu zilizobandikwa ukutani. Huko huduma hiyo ipo na ina wateja wake. Kwetu, gari binafsi la wagonjwa ni Noah ya abiria, ni pikapu iliyobeba magunia ya korosho mwezi Novemba, ni bajaji, na mara nyingi ni bodaboda ambayo mgonjwa hukalishwa katikati, ndugu akimshikilia kwa nyuma asianguke. Kwa hiyo swali la kama ni halali au si halali kutumia usafiri binafsi kumpeleka mgonjwa hospitalini limekwisha kujibiwa na maisha yenyewe. Linalobaki ni swali la masharti: bei gani, nani analipa, analipa lini, na je, chombo hicho kinamfaa mgonjwa huyo?

Kwamba umbali unaua, hilo si hisia tu. Mwaka 2007 ilifanyika sensa ya kaya zaidi ya 225,000 katika wilaya 5 za kusini mwa Tanzania, Newala na Tandahimba zikiwemo. Matokeo yake kuhusu vifo vya uzazi yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health. Miongoni mwa wanawake waliokaa ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilivyotokana moja kwa moja na matatizo ya uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa waliokaa zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Ni wanawake wa ukanda ule ule na vizazi vile vile. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa njia. Tangu wakati huo mengi yamebadilika, vituo vya afya vimeongezeka na barabara zimeboreshwa, lakini mgawanyo wa vijiji vyetu haujahama.

Anayeijua nchi hii hahitaji ramani. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu anaona bonde la Ruvuma likitandazika chini hadi macho yachoke. Masasi iko chini, kati ya milima yake ya mawe. Kutoka Newala hadi Masasi ni takriban kilomita 70 na kuna mteremko wa kuheshimiwa. Kutoka Newala hadi Mtwara ni takriban 140. Kutoka Masasi hadi Mtwara kwa barabara kuu inayopita Ndanda na Mtama ni karibu 200. Ujenzi wa lami kati ya Mnivata, Newala na Masasi, kilomita 160, kwa fedha zinazohusisha mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni habari njema kwa mgonjwa kuliko inavyosemwa katika hotuba za uchumi. Lakini lami hupita barabara kuu. Mgonjwa huanzia kwenye njia ya mchanga inayokwenda kitongojini, na katika masika, kilomita 6 za mwanzo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko 60 zinazofuata.

Mama Kanisa katika kusini hii ameyajua haya tangu zamani. Wamisionari Wabenediktini walipoanzisha Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika vita vya Maji Maji, huduma ya wagonjwa ilikwenda pamoja na altare na shule. Sista Thecla Stinnesbeck, mtawa na daktari, aliijenga kazi ya tiba pale Ndanda na kuwahudumia hata wagonjwa wa ukoma waliokimbiwa na watu. Daktari Leader Stirling, aliyefika Lulindi mwaka 1935 akiwa katika misheni ya Kianglikana, baadaye akawa Mkatoliki na kufanya kazi Mnero, na katika miaka ya 1970 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hospitali hizo zilijengwa kwa jasho kubwa, na leo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Benedikto Ndanda bado ni kimbilio la watu wa dini zote. Ila kitanda cha hospitali kina mpaka wake: kinaanza kumhudumia mgonjwa pale anapofika. Kabla ya hapo alibebwa na ndugu zake, zamani kwa machela au kwa kitanda cha kamba mabegani mwa vijana wanne, baadaye kwa baiskeli, sasa kwa injini. Gharama ya mabega ilikuwa jasho na ugali. Gharama ya injini ni fedha taslimu.

Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, katika andiko lao la mwaka 1994 kuhusu vifo vya akina mama wajawazito, walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wataalamu wetu wa afya huufundisha mtazamo huo hadi leo. Ukiuweka katika mazingira ya Wamakonde na Wamakua, unaona jambo ambalo kitabu kinaligusa kwa mbali tu. Katika koo zetu, ambazo ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, neno la mjomba lina uzito. Mara nyingi mgonjwa husubiri mjomba aitwe, mjomba naye husubiri kujua gari litagharimu kiasi gani, na mwenye gari anasubiri kujua nani atalipa. Kuchelewa kuamua na kuchelewa kufika vinakuwa kitu kimoja. Watu hawashindwi kuamua kwa sababu ya ujinga, kama wengine wanavyopenda kusema. Wanashindwa kwa sababu uamuzi wenyewe una bei.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, usiku, shangazi yake akiwa amelala juu ya mkeka ukumbini. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Wanangu, tusubiri kuche." Alikuwa amesikia bei kupitia ukuta. Tulisubiri kweli, na gari la asubuhi lilikuwa rahisi zaidi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sijawahi kuacha kujiuliza tulikuwa tumeweka rehani nini katika zile saa tano.

Ni haki kusema kwamba Serikali imelitazama tatizo hili usoni. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kwa ushirikiano wa Serikali, Vodafone Foundation, Touch Foundation na Pathfinder International, ulizinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwezi Aprili 2022, na umeenea katika mikoa ya Tanzania Bara na Zanzibar. Mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua au mtoto mchanga anaombewa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana, kinamwita dereva wa jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa na kukubaliana bei mapema. Akimfikisha mgonjwa na kituo kuthibitisha, analipwa kwa simu. Familia haidaiwi nauli.

Tuseme wazi, maana huu ndio moyo wa jambo: m-mama ni matumizi ya gari binafsi kumbeba mgonjwa, tena kwa sera ya taifa. Haukusubiri kila kijiji kipate gari lenye king'ora. Ulichukua Noah ile ile iliyokuwapo, dereva yule yule, ukaondoa majadiliano ya bei saa nane usiku. Ripoti ya taifa ya hali ya watu na afya ilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Nambari hizo zina sababu nyingi, na m-mama wa kitaifa ulikuwa umeanza tu, kwa hiyo asijitokeze mtu wa kuupa sifa zote. Lakini mwelekeo wa kuondoa vikwazo vya fedha mlangoni pa mama mjamzito ni sahihi. Na hapa niseme jambo dogo la kichungaji: bado kuna familia vijijini zinazokodi gari kwa mjamzito kwa kuuza mbuzi, ilhali 115 ipo. Katekista anayetangaza ndoa kila Jumapili anaweza kutangaza na namba hiyo.

Tatizo ni kwamba mzee wetu wa saa nane usiku si mjamzito, wala si mtoto mchanga. Vivyo hivyo kijana aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho, mwanafunzi aliyegongwa na pikipiki, mtoto wa miaka sita mwenye selimundu aliyeishiwa damu, au mwanamke mwenye ngiri iliyobana. Kwao kuna gari la wagonjwa la halmashauri au la hospitali, likiwepo na likiwa na mafuta, na nje ya hapo kuna soko. Serikali imeongeza magari ya wagonjwa katika miaka hii, yakiwemo yaliyonunuliwa kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Hata hivyo gari moja linaloshuka na mgonjwa hadi Mtwara kutoka uwandani linatoweka kwa karibu siku nzima. Na gari la kukaa tayari saa 24 linahitaji madereva wa zamu, matairi, mafuta na fundi. Wafadhili wetu wema hupenda kutoa gari, kwa sababu gari huandikwa jina ubavuni. Sijawahi kuona tairi lililoandikwa jina la mfadhili.

Hivyo nauli ya mgonjwa hurudi nyumbani kwa mgonjwa. Na kwetu nauli hiyo ina jina lingine ambalo halionekani katika risiti yoyote: kangomba. Wasomaji wa nje ya mikoa ya kusini huenda hawalijui neno hili. Ni ile biashara ya kununua korosho za mkulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mara nyingi kabla hazijavunwa, kwa bei ya kutupa. Ni kinyume cha sheria, na kila mwaka viongozi hukemea wanunuzi wake. Lakini tuulize ni nani anayeuza kangomba, na kwa nini Februari. Mara nyingi ni mtu aliyehitaji fedha usiku mmoja.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima anahitaji shilingi 150,000 za gari. Mwenye fedha anampa, kwa ahadi ya kilo 100 za korosho msimu ujao. Katika mnada wa kwanza wa TANECU wa Oktoba 2024, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hata tukitoa makato yote na tukakadiria mkulima angebaki na 3,000 mkononi, kilo zile 100 zingekuwa 300,000. Safari moja ya hospitali imemgharimu mara mbili, na nusu ya fedha hiyo haikuingia katika tangi la gari wala mfuko wa dereva. Imekwenda kwa aliyekuwa na fedha taslimu usiku ule. Anayetaka kupambana na kangomba kwa askari peke yao ajue kwamba sehemu ya mizizi yake iko kwenye barabara ya kwenda hospitali.

Vipi kuhusu bei ya dereva mwenyewe? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, ikifafanua amri ya saba, inataja miongoni mwa makosa dhidi ya haki kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Maneno hayo yanamgusa moja kwa moja mwenye gari anayetoza usiku mara tatu ya mchana kwa sababu tu anajua ndugu hawana pa kwenda. Yeye naye ni muumini mahali fulani, kanisani au msikitini, na asijifiche nyuma ya neno "soko".

Lakini haki ina pande mbili, na sisi abiria hupenda kusahau upande wa pili. Safari ya Newala hadi Masasi kwenda na kurudi ni kilomita 140 hivi. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litameza lita 14, na tukikadiria petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 42,000 za mafuta tu. Ya Mtwara ni mara mbili yake. Ongeza matairi katika barabara ya mchanga, usingizi wa dereva, kurudi tupu, na kusafisha viti vilivyolowa damu. Ongeza hofu yake kwamba mgonjwa akifia njiani ataanza kuulizwa maswali. Na madereva wengi wana daftari la madeni ya wagonjwa waliopona, wakarudi, wakampitia barabarani kama hawamjui. Anayetaja bei kubwa leo mara nyingine anakusanya deni la jana kutoka kwa mtu asiyehusika. Bei ya haki kwa mgonjwa haiwezi kupatikana kwa kumnyima haki dereva, na ndiyo maana majadiliano ya saa nane usiku ni mahali pabaya kuliko pote pa kuitafuta.

Lipo pia suala la chombo chenyewe. Noah si gari la wagonjwa kwa sababu tu imebeba mgonjwa. Haina oksijeni, haina machela, haina muuguzi. Kwa wagonjwa wengi inatosha, na kuwahi ni bora kuliko kusubiri. Kwa aliyeumia shingo au mgongo, kumkunja katika kiti au kumpakata kwenye bodaboda kunaweza kumlemaza. Huyo alazwe kwenye ubao au mlango uliong'olewa, afungwe asitikisike, na ashauriwe mhudumu wa zahanati kabla ya kunyanyuliwa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, asikalishwe wima wala kunyweshwa maji. Barua ya rufaa isisahaulike, na hospitali inayopokea ipigiwe simu gari likiwa njiani. Kwa ajali, ndugu mmoja aende polisi kufuatilia fomu ya PF3 na mgonjwa aendelee na safari yake. Mwenye gari naye aangalie bima yake: bima ya gari la matumizi ya nyumbani si sawa na ya gari linalobeba watu kwa malipo, na mambo yakiharibika njiani tofauti hiyo itaonekana.

Fundisho la m-mama, kwa macho yetu, ni kwamba fedha ya usafiri iwepo kabla ya ugonjwa na bei ikubaliwe kabla ya usiku. Wengine wamelifikia kwa njia zao. Madaktari wanaoruka wa Amref, walioanza Nairobi mwaka 1957, huuza uanachama wa mwaka ili mtu asijadili gharama ya ndege akiwa amevunjika mguu porini. Kenya, baada ya ugatuzi wa 2013, baadhi ya kaunti zilikodi magari ya wagonjwa kutoka Msalaba Mwekundu badala ya kununua na kuyaendesha zenyewe. Hizi ni njia za wenye bajeti. Ila wazo lililo ndani yake halihitaji bajeti ya kaunti.

Sisi tuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tuna WAWATA, tuna vikundi vya VIKOBA ambavyo wanawake wetu wanaviendesha kwa nidhamu ambayo benki zingeweza kujifunza. Tuna vyama vya msingi vya ushirika, na msimu mmoja katika mwaka ambapo fedha huingia kijijini kwa pamoja. Tuchukue kigango chenye kaya 200. Kila kaya ikitenga thamani ya kilo 2 za korosho baada ya mnada, kwa makadirio yetu ya juu ni shilingi 6,000, mfuko unaanza na 1,200,000. Fedha hiyo ni safari 8 kwa bei ile ya mfano wetu. Ikitolewa kama mkopo usio na riba, familia ikirudisha msimu ukifika, mfuko hauishi kwa mwaka mmoja; na kwa mjane au mgonjwa asiye na mtu, usirudishwe. Kwa kulinganisha, kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita; kadi ya bima ya afya tunahimiza kila kaya iwe nayo, lakini kadi hutumika ukishafika dirishani.

Pamoja na mfuko huo, kuwe na makubaliano ya maandishi na madereva wanne au watano: bei ya kwenda Mkomaindo, Ndanda, hospitali ya Newala, Ligula, bei moja mchana na usiku, au tofauti ndogo inayoeleweka, dereva alipwe na mfuko ndani ya siku mbili, asimfuate mgonjwa kitandani. Karatasi ibandikwe zahanati, kanisani, na kwa mwenyekiti wa kijiji. Nasema kwa mwenyekiti wa kijiji kwa makusudi. Newala ni nchi ya Waislamu wengi, Masasi ina Waanglikana wa siku nyingi, na mfuko wa wagonjwa unaouliza cheti cha ubatizo utakuwa umepotea njia tangu mwanzo. Msimamizi wake anaweza kuwa imamu pamoja na mwenyekiti wa jumuiya. Kanuni ya auni katika mafundisho jamii ya Kanisa inataka lile linaloweza kufanywa na kijiji lisisubiri makao makuu. Nayo kanuni hiyo hiyo inaitaka Serikali isaidie pale kijiji kinapofikia mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana tunaendelea kuiomba ipanue mfumo wa 115 kwa wagonjwa wote wa dharura, kwa kuanza na watoto chini ya miaka mitano na majeruhi wa ajali. Mtandao wa madereva umeshajengwa. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuwabeba wengine, na fedha.

Kuna wasiwasi wa kweli, nao usifichwe: mifuko ya aina hii imewahi kuliwa. Wengine watakumbuka michango ya kigango iliyoyeyuka bila taarifa. Dawa yake si mahubiri. Ni akaunti yenye sahihi tatu, taarifa inayosomwa kila mwezi mbele ya wote, na kutokuweka zaidi ya fedha za safari moja mkononi mwa mtu yeyote.

Papa Yohane Paulo II katika Salvifici Doloris ya mwaka 1984, na Papa Fransisko katika Fratelli tutti ya mwaka 2020, wote wawili walirudi kwenye simulizi la Msamaria mwema, na mara nyingi sisi hulisoma kama somo la huruma. Lisomeni tena katika Injili ya Luka, sura ya 10, kwa macho ya mtu aliyekodi gari. Msamaria alitoa mnyama wake mwenyewe kuwa chombo cha usafiri. Alitoa huduma ya kwanza papo hapo. Alilipa dinari mbili kabla, na akaingia mkataba na mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama itakayozidi ataifuta atakaporudi. Majeruhi hakuulizwa bei hata mara moja.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Jumuiya itakayotaka kuwa na mfuko Februari inapaswa kukaa kikao Agosti au Septemba, ikiwa na majibu ya mambo matatu: nani ana gari hapa kwetu na yuko tayari, bei ya haki ya kila njia ni ipi, na kila kaya itatoa nini siku ya malipo. Madereva waalikwe katika kikao hicho tangu mwanzo, wapewe kiti, na wasikilizwe kwanza.